Mikate ya Maji ya Matunda, Gatini Mtongwe

Siku mliponiaga pale kantini Changamwe, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu nilijifunzia wapi kupika chapati za maji za ndizi. Nilimjibu kwa mkato kwamba ni Mtongwe, nikanyamaza, maana hotuba zilikuwa zimeshakuwa ndefu na pilau inapoa, na mimi pilau baridi siipendi hata kama imepikwa kwa heshima yangu. Sasa nipo nyumbani kwangu Chaani, sina kengele ya zamu wala mtu wa kunipigia kelele kuwa chai haitoshi. Nina wasaa wa kulijibu swali lile vizuri. Mambo ya vyeo na nani alikuwa mkubwa wa nani nayaacha, hayajawahi kumshibisha mtu. Nitawaeleza jiko langu la kwanza, mwanamke aliyenifundisha, na jinsi tulivyokaribia kulipoteza jiko lenyewe.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vya Wazungu vimepamba moto. Mume wangu Karisa alikuwa amechukuliwa kwenda huko kubeba mizigo ya askari, nami nikabaki Rabai na mama mkwe ambaye hatukuwa tukisikizana hata katika habari ya chumvi. Nikaona nitafute kazi kabla hatujavunjiana vyungu. Shoga yangu mmoja aliyekuwa ameolewa Likoni akanipeleka Mtongwe kwa Bi Maimuna, aliyekuwa akitafuta mwanamke wa kumsaidia jikoni.

Mkisikia jiko msidhani ni jiko kama lenu la moshi kupanda juu kwenye bomba. Lilikuwa banda la makuti karibu na gati la zamani, mahali mashua zilipopakia watu wa kuvuka kwenda kisiwani. Mafiga, mabenchi mawili, birika la chai, basi. Lakini alfajiri mahali pale palikuwa hapashikiki. Makuli wa bandarini, mafundi, makarani wenye viatu mkononi wasije wakavilowesha, watu wa kambi ya askari wa majini, wote walitaka kutia kitu tumboni kabla ya mashua kuondoka. Kina mama wa mihogo walikuwepo, na wa mbaazi, na wa uji. Bi Maimuna alipika kitu kimoja tu, mikate ya maji ya matunda, hiyo ambayo ninyi mwaita chapati za maji, na benchi zake ndizo zilizojaa kwanza.

Alikuwa mtu wa pale pale Mtongwe, wa nyumba ya zamani, mpole wa sauti na mkali wa macho. Siku ya kwanza alinipa nazi moja na mbuzi ya kukunia, akaenda zake kuswali. Nami kwa kutaka kuonyesha bidii niliikuna ile nazi mpaka nikafika kwenye kifuu. Aliporudi akatazama nazi yangu ilivyojaa vidoadoa vya kahawia, akaniuliza kwa adabu kabisa kama kwetu Rabai twala na kifuu. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Kisha akanieleza kwamba tui likiwa la kijivu na mkate utakuwa wa kijivu, na mtu anayekwenda kubeba magunia mchana kutwa hataki kuianza siku yake na kitu cha kijivu. Tangu siku hiyo nimekuna nazi, Mungu ndiye ajuaye ngapi, na sijagusa kifuu tena.

Sukari wakati ule ilikuwa ya mgao na unga wa ngano ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Ndiyo maana ya matunda. Siku hizi mtu akila chapati ya embe anajiona anastarehe, sisi tulikuwa tukikwepa dhiki. Mchele tuliuloweka tangu jana yake, tukauchuja, tukautwanga na kuuchekecha, tukatia na unga wa muhogo kidogo ili ushikane. Chachu ilikuwa ni kibakuli cha rojo la jana lililoachwa lichachuke. Utamu wote ulitoka kwenye tunda, na tunda lisipokuwa limeiva barabara, mkate wako ni karatasi.

Ndizi alitaka kisukari, tena ile iliyoingia madoa meusi ambayo wateja sokoni huipita wakikunja pua. Embe alitaka ngowe, na lazima lipitishwe kwenye chekeche kuondoa nyuzi. Papai lina maji mengi, kwa hiyo tui hupunguzwa. Nanasi lilinitoa jasho. Niliwahi kulisaga na kulimimina kwenye tui moja kwa moja, na kabla sijatafuta mwiko tui lilikuwa limekatika, maji huku na mapande kule, kama maziwa yaliyoharibika. Nanasi ni lazima lichemshwe kwanza lipoe ndipo likutane na tui. Hilo nimewaambia mara nyingi na bado kuna mtu hapo kantini, simtaji, hulisahau kila msimu.

Tulikuwa na bamba la chuma la mviringo lililotoka katika meli iliyovunjwa, na amri ya kwanza juu yake ilikuwa lisiguswe na sabuni. Lilipakwa mafuta kwa kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa ncha kikawa kama brashi. Moto wa vifuu ni wa pupa, unaunguza chini na kuacha juu mbichi. Moto wa makumbi unakwenda taratibu, na huo ndio wa mkate. Ukishamimina rojo kwa upawa na kulitandaza kwa mgongo wa upawa huo huo, unafunika na kungoja. Vitundu vikifunguka juu na visijifunge tena, na ukingo ukajiinua wenyewe, ndipo ugeuze. Nimeona watu wakigeuza kwa kuhesabu, wengine kwa kuimba. Tazama vitundu, vinatosha.

Kazi tuliigawana hivi. Mimi nilikuwa wa nazi, wa kutwanga na wa moto. Bi Maimuna alikuwa wa kuchanganya, na hilo hakumwachia mtu. Tulichanganyia nyumbani kwake, uani, kukiwa bado giza giza. Mimi hukuna na kukamua, tui nikalifunika kwa kawa la ukili, kile kifuniko cha kusukwa. Yeye hutoka chumbani baada ya kuswali, akiwa na koja la asumini kichwani alilolala nalo, kama wafanyavyo wake wa huku pwani kwa ajili ya waume zao. Akilivua huliweka juu ya lile kawa, kwa kuwa ndicho kitu kilichokuwa karibu, kisha hukunja mikono na kuanza kukanda ndizi na kupiga unga kwa kiganja hadi utoe mapovu. Tui lilikuja mwisho. Akimaliza, lile koja hulitupa kando ya mgomba, nami hubeba sufuria kichwani kwenda gatini.

Nitasema kweli, nilikuwa nikiona wivu. Mume wangu yuko vitani sijui hai sijui maiti, na hapa kuna mwanamke wa makamo bado anajipamba kila jioni kama harusi ilikuwa jana. Mumewe, Bwana Athmani, alikuwa mtu mwembamba mcheshi aliyekuwa akituletea matunda kwa mkokoteni kutoka mashamba ya upande wa Waa. Walikuwa hawana mtoto. Walikuwa wao wawili tu, na hilo banda.

Msimu wa embe ulipokuwa umechanganya, Bwana Athmani akashikwa na homa. Hakuugua sana. Alianguka, akalala, tukamzika. Bi Maimuna akaingia eda.

Mimi Mkristo wa Rabai eda sikuwa nikiijua vizuri. Nikafahamishwa kwamba mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, hatii wanja, hajipaki marashi wala hagusi chochote cha kunukia. Wako wasemao mwenye dharura ya riziki anaweza kutoka mchana akarudi. Lakini dadake marehemu, Bi Sauda, alihamia mle nyumbani kuisimamia hiyo eda, na Bi Sauda hakuwa mtu wa dharura.

Shida ikawa nafasi ya gatini. Pale palikuwa na msimamizi, Mzee Kombo, mtu wa haki lakini mgumu kama kuni ya mkoko. Sheria yake ilikuwa kwamba nafasi ni ya mwenye jina, haipangishwi wala haiuzwi. Mtu akiugua anaweza kuweka wa kumshikia kazi, ndivyo alivyosema, lakini chakula kiwe kile kile chake. Kikibadilika, basi ndiyo ishara kwamba nafasi imepewa mtu mwingine kwa mlango wa nyuma, na yeye humpa anayefuata katika wanaongoja. Na waliongoja wengi. Mwanamke mmoja wa Likoni alikuwa hapiti siku bila kuja kulitazama banda letu, akipima kwa macho pa kuweka mafiga yake. Bi Maimuna hakuwa na mtoto wa kumtunza wala shamba. Akitoka eda akakuta hakuna nafasi, ingembidi aombe kazi kwenye sufuria ya mwenziwe, katika umri ule.

Tukapatana kwamba atachanganya yeye mle uani kama kawaida, mimi nibebe nikapike. Hivyo mkate ungebaki wake. Wiki ya kwanza watu walikula kwa heshima ya msiba. Wiki ya pili wakaanza kutafuna polepole.

Alikuwepo fundi mmoja wa bohari, Mutiso, Mkamba, mtu wa kula mikate minne bila kuinua kichwa. Akaanza kula miwili. Nikamuuliza, akasema mkate ni mzuri lakini si ule. Una nini? nikamuuliza. Hauna kitu, akasema, na hiyo ndiyo tabu yake, kuna kitu hauna. Nilitamani kumpiga na upawa. Nikabadilisha ndizi. Nikabadilisha embe, nikaenda mwenyewe mpaka Waa kutafuta ngowe. Nikapunguza moto, nikaongeza moto, nikaponda kumbi jipya. Bi Maimuna naye kila alfajiri alichanganya kwa mkono ule ule, unga ule ule, na nilipomrudishia mkate mmoja auonje aliutafuna muda mrefu, akasema hauna kosa. Kweli haukuwa na kosa. Ulikuwa tu si ule. Benchi la pili likaanza kubaki na nafasi za kukaa, na yule mama wa Likoni akaanza kunisalimu kwa uchangamfu.

Jumatatu moja Mzee Kombo akaja akakaa, akala, akajifuta midomo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia bila ya kupandisha sauti:

"Kadzo, mimi sina ugomvi nawe. Lakini huu ni mkate wako, si wa Maimuna. Nitarudi Ijumaa. Nikiukuta huu huu, nafasi nitampa mwengine."

Nilirudi nyumbani kwa Bi Maimuna. Nilimwambia, maana lilikuwa lake kulijua. Akasema ataongeza kupiga unga. Nikamwona usiku umeingia machoni mwake na mchana bado haujaisha.

Jumatano nazi zilichelewa kufika. Ikabidi nibebe rojo bila tui, nikazikunie nazi kule kule gatini. Nikakamua tui, nikalifunika kwa kawa letu, nikageukia moto. Basi ikafika mashua yenye watu wa harusi waliokuwa wamelala kisiwani, wanawake wamechoka na furaha, sauti zimewakauka. Mmoja wao nilimpa kikombe cha chai, akavua koja lake la asumini akanivisha mkononi kwa shukrani. Mikono yangu ilikuwa imejaa rojo. Nikalitoa kwa meno, nikalitupa juu ya kawa, nikaendelea na makumbi yangu. Baadaye nikatia tui nikaanza kumimina.

Mutiso alikula wa kwanza. Akala wa pili. Akaomba wa tatu, kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma ya banda.

"Bi Maimuna ametoka eda?" akaniuliza.

Nikamwambia bado. Akaniangalia kama mtu anayeona anadanganywa. Nikachukua kipande cha mkate nikakitia mdomoni. Ulikuwa ule.

Nikakaa chini kabisa, wateja wakanisubiri. Ndizi zilikuwa zile zile za jana, mchele ule ule, moto ule ule. Kilichokuwa kigeni ni koja juu ya kawa. Ndipo nikakumbuka kichwa cha Bi Maimuna kila alfajiri, na mkono ukilivua koja, na kawa, na tui chini yake. Mnaopika na nazi mnajua, na msiojua mjue leo, kwamba tui ni kama samli, huvuta harufu ya kitu chochote kilichokaa karibu nalo. Liweke jirani na papa mkavu uone. Miaka yote ile watu walikuwa wakila asumini ya kitandani kwa Bi Maimuna, na hakuna aliyejua, si mimi, si Mutiso, si yeye mwenyewe. Eda ikamvua asumini, na mkate nao ukavuliwa.

Sasa mtasema, dawa imepatikana, chuma asumini weka juu ya kawa, kazi kwisha. Mimi nami nilifikiri hivyo mpaka nilipofika nusu ya njia ya kwenda kwa Bi Maimuna, koja mkononi. Kisha nikasita. Ile haikuwa iliki. Ilikuwa kitu cha mke na mume, na mume yuko kaburini, na mke hata kuinusa haruhusiwi. Niende nikaiuze kila siku gatini bila ya kumwambia? Niliona ni kama kuchukua nguo ya mtu kwenye kamba.

Bi Sauda alinipokea mlangoni, akaninusa, akaniambia kilichomo mkononi mwangu kibaki nje. Nikalifunga koja kwenye ua wa makuti. Nilimkuta Bi Maimuna amekaa juu ya mkeka, kanga nyeupe, mikono imelala mapajani. Nikamweleza yote kwa sauti ya chini, kuanzia harusi mpaka Mutiso. Nilipomaliza nikamuuliza kama nina ruhusa. Akageuka upande wa ukuta. Nikasema basi Bi, nikatoka kinyumenyume.

Alhamisi nilipika bila asumini. Ilikuwa siku mbovu kuliko zote. Mutiso alikula mmoja, akanitazama kwa huzuni kweli kweli, akaenda kula mbaazi. Jioni nikachuma asumini kwenye mti wa jirani, zikiwa bado vitumba, nikazifunga katika jani la mgomba na kuziacha nje ya ua wa Bi Maimuna. Nilikuwa nimeshaamua kwamba asiponiruhusu nitazitupa, na Ijumaa iwe itakavyokuwa. Mnaweza kuniona mjinga. Karisa aliporudi kutoka vitani, maana alirudi, Mungu ashukuriwe, nilimsimulia naye akaniona mjinga. Lakini hakuwa amemwona Bi Maimuna alivyogeukia ukutani.

Ijumaa alfajiri Bi Maimuna alichanganya kama siku zote, polepole, mpaka nikahisi mashua zitaondoka bila watu kula. Alipofika kwenye tui akaacha. Akaisukuma sufuria ya tui upande wangu pamoja na kawa lake. Bi Sauda alikuwa bado kwenye msala.

"Mimi nalikuwa najipamba kwa ajili ya Athmani," akasema. "Hao wengine walikuwa wakila makombo yake tu. Basi washayazoea, wape. Lakini tia wewe kwa mkono wako, Kadzo mwanangu. Wangu usiwemo."

Nikasema abee Bi, nikabeba, na nje ya ua nikaliokota lile jani la asumini. Machozi yalinitoka njia nzima na sufuria iko kichwani, na mwenye kubeba sufuria hawezi kujifuta.

Gatini niliweka asumini juu ya kawa, nikawasha moto wa makumbi, nikaacha muda upite nikijifanya kupanga vikombe. Mzee Kombo akaja na kanzu yake ya Ijumaa. Yule mama wa Likoni naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi la uji, ametulia kama aliyekwisha kupewa habari njema. Nikamimina. Vitundu vikafunguka, nikageuza, nikamwekea mzee kwenye sahani. Akala nusu. Akaacha kutafuna kidogo, akaendelea. Akamaliza wote, akaniangalia, akasema, "Huu ni wa Maimuna," kisha akaenda kumwambia yule mama asijisumbue kuja tena. Hakuniuliza nilifanya nini na mimi sikumwambia.

Tukaenda hivyo mpaka eda ikaisha. Yeye akichanganya nyumbani, mimi nikitia tui na asumini gatini, na benchi la pili likajaa tena. Kati yetu neno la asumini halikutajwa. Alikuwa akinipa tui na kawa, anatazama kwingine. Kuna mambo jikoni hufanywa kwa kutazama kwingine, na kazi ikaenda.

Siku aliyotoka eda aliogeshwa, akavishwa kanga mpya, wanawake wakamjia na udi na marashi na asumini kama desturi. Nilisikia baadaye kwamba aliacha wamfukize udi, lakini asumini aliikataa. Kesho yake alfajiri akaja gatini kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu msiba. Watu wakamwamkia mmoja mmoja, Mutiso akasimama akampisha benchi. Tui lilikuwa tayari chini ya kawa, maua juu yake, mbele ya macho yake, na sikujua kama niyaondoe au niyaache. Nikayaacha. Kuyaficha kungekuwa kubaya zaidi.

Hakuja upande wa jiko. Alikaa mahali wanapokaa wateja, akakunja mikono akangoja zamu yake. Nikatia tui. Nikamimina mkate wa ndizi, nikaungoja kama sikuwahi kuungoja mkate mwingine, nikampelekea wa moto.

Alikuwa amekaa miezi zaidi ya minne bila asumini mwilini wala nyumbani, pua yake imekuwa safi kama ya mtoto. Akakata kipande, akakileta karibu na mdomo, mkono ukasimama hapo hapo. Hakula. Alikinusa. Akafumba macho, akakinusa tena, na machozi yakaanza kushuka taratibu, ya kwanza kuyaona kwake, kwa kuwa hata siku ya maziko yenyewe hakulia mbele ya watu.

"Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikinukia," akasema. "Athmani alikuwa akiniambia kila siku, nami nikidhani anitania."

Akakitia kile kipande mdomoni, akakila, akala mkate wote mpaka sahani ikabaki tupu. Kisha akainyoosha ile sahani kwangu kwa mikono miwili, nikammiminia mwingine.